Uzito wa Gari la Farasi Nililouziwa na Trefor Bufton

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi: Llandrindod
Jina: Eluned Hamer
Umri: Miaka 57
Kazi: Msambaza barua
Makazi: Nant-y-groes, nje ya Rhayader
Tarehe: Ijumaa, 11 Aprili 2025, saa tisa alasiri

Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe. Naishi na kaka yangu Idwal, fundi wa uzio, na nina farasi jike mmoja aitwaye Brithen, mwenye miaka kumi na minne. Tangu mwaka jana Brithen anaumwa jicho la kushoto. Daktari alitaka aonekane kila baada ya wiki mbili kwenye hospitali ya farasi iliyo karibu na Builth. Kukodi gari kila safari kulinishinda, nikaamua kununua gari dogo la kusafirishia farasi, lililotumika, aina ile ambayo gari na vyote vilivyomo havitakiwi kuzidi kilo 3,500. Nilikuwa na pauni 7,000, na nyingine sikuwa nazo.

Kuanzia Februari niliangalia magari sita. La kwanza, nilipoinua zulia la mpira sakafuni, kidole changu kilizama kwenye ubao. Mwenye gari akasema, "Farasi hatembelei vidole, dada." La pili mlango wake wa kupandishia farasi ulitaka wanaume wawili kuuinua, na mimi asubuhi huwa peke yangu. La tatu niliendesha saa mbili kulifuata, nikiwa nimesimama getini mwenye gari akaniambia limeuzwa jana. La nne lilikuwa zuri, bei sikuiweza. La tano nimelisahau, nakumbuka harufu yake tu. La sita ndilo hili.

Mnamo Jumamosi tarehe 5 Aprili, saa tano asubuhi, mimi na Idwal tulifika kwa Trefor Bufton, shamba la Cwm Isaf. Bufton ni mtu wa miaka hamsini hivi. Nilikuwa namjua kwa sura tu, kutoka kwenye maonyesho ya farasi. Gari lilikuwa la rangi ya maziwa. Idwal alilala chini yake na tochi nusu saa nzima, hakuona kutu. Sakafu ilikuwa mpya. Nikamuuliza Bufton linabeba kiasi gani.

Akasema, "Farasi wawili, wewe, na chupa yako ya chai."

Akanipa karatasi ya mizani yenye jina na muhuri wa kinu cha nafaka chenye mizani ya magari, tarehe ya mwezi Februari mwaka huu, inayoonyesha kwamba gari likiwa tupu lina kilo 2,380. Idwal akasema tulipitishe kwenye mizani wenyewe kabla ya kulipa.

Bufton akamjibu, "Kaka, mizani iko maili ishirini, na kuna jamaa anakuja saa nane na pesa mkononi. Mimi sikulazimishi."

Idwal akanitazama. Nikamwambia nimechoka kuangalia magari. Nikalipa pauni 6,800.

Konstebo ameniuliza kwa nini sikulipima. Jibu langu ni hilo hilo: nilikuwa nimechoka.

Mnamo Jumanne tarehe 8 Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimkuta Brithen amefumba lile jicho na linatoa maji mazito. Daktari wa kwetu alikuja saa moja na nusu. Alisema kuna kidonda kinakula jicho, kinakwenda haraka, na akapiga simu hospitali. Wakasema tufike saa nne. Brithen alipanda gari jipya bila shida. Tuliondoka saa tatu kasoro robo.

Saa tatu na robo, karibu na Newbridge, tulisimamishwa kwenye maegesho ya kando ya barabara. Kulikuwa na askari wawili na mkaguzi wa magari mwenye mizani ya kuweka chini ya matairi. Ilisoma kilo 3,750.

Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu. Alisema, "Bibi, limezidi kilo mia mbili na hamsini. Hivi lilivyo, haliendi mbele."

Nikamwonyesha ile karatasi ya Bufton. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Labda walilipima kabla hawajaweka kuta."

Nikamweleza habari ya jicho. Akasema anaelewa, lakini breki za gari hili hazielewi. Tukaanza kupunguza. Idwal alishuka. Tukamwaga maji, tukatoa nyasi, tukatoa tairi la akiba. Ikasoma 3,606.

Idwal akasema, "Umebaki wewe tu. Shuka, Brithen aendeshe."

Mkaguzi aliinamisha uso. Mimi sikucheka.

Idwal alipigia watu watatu wenye magari. Wawili walikuwa mnadani, ilikuwa siku ya soko, na wa tatu hakupokea. Askari mmoja alimpigia mtu wa kukodisha. Yule akasema hawezi kufika kabla ya saa saba. Hospitali walisema tumlete kwa njia yoyote ile.

Saa nne kasoro dakika tano nilimshusha Brithen, nikamshika kamba, tukaanza kutembea. Ilikuwa imebaki kilomita tisa. Upepo ulikuwa unavuma upande wa jicho bovu, nikavua koti la kazi nikamfunika kichwa. Askari mmoja alitufuata nyuma na gari lake, taa zikiwaka, mpaka pale barabara inapopanuka. Yakipita malori ya magogo Brithen alikuwa anasimama na kutetemeka, halafu ananifuata tena. Hajawahi kukataa kunifuata. Njia nzima nilikuwa nahesabu kilo. Nilijiuliza ningetoa nini kingine.

Tulifika saa sita na dakika tano. Daktari wa hapo, Anwyl, alimwangalia kwa muda mfupi, akasema jicho limepasuka. Nilimuuliza kama tungefika saa nne lingepona.

Akasema, "Siwezi kukuapia hilo. Ningejaribu."

Jicho liliondolewa saa tisa alasiri.

Mnamo Jumatano tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi, nilikwenda kwa Bufton peke yangu. Idwal nilimkataza kuja, kwa sababu ya hasira zake. Mke wa Bufton, Nerys, alinikaribisha jikoni akanipa chai. Nilimweleza Bufton yote. Alisikiliza vizuri, hata aliuliza jina la farasi.

Kisha akasema, "Nitakurudishia pesa zako zote leo hii, dada yangu. Uandike tu kwamba siku ile nilikuambia uzito wake halisi."

Nikamwambia hakuniambia.

"Ni karatasi tu. Utaratibu."

"Kama ni utaratibu, andika wewe."

Nerys alikuwa anaosha kikombe kimoja muda wote huo. Hapo mezani niliona karatasi nyingine ya mizani. Tarehe ni ile ile, kilo 2,380 zile zile, namba ya karatasi 0417, sawa na yangu. Namba ya gari tu ndiyo ilikuwa nyingine.

Nikauliza, "Magari mawili yamelingana mpaka namba ya karatasi?"

Bufton aliikunja akaitia mfukoni mwa shati. Akasema, "Basi kaa na gari lako."

Pesa zile nilikuwa nazihitaji, na bado nazihitaji, kwa sababu hospitali nayo inataka kulipwa. Niliondoka bila kuandika kitu.

Uani palikuwa na gari jingine la rangi ya maziwa, linafanana na langu kama pacha. Kwenye kioo cha mbele pamebandikwa karatasi: "LIMEUZWA. Bi. Hesketh, Jumamosi saa nne," na namba ya simu. Niliiandika kiganjani.

Mchana huo nilipigia kinu kile cha nafaka. Mama aliyepokea alisema mizani yao waliifunga miaka miwili iliyopita, na muhuri wao haufanani na huo niliomweleza.

Mnamo Alhamisi tarehe 10 Aprili, saa kumi na moja jioni, nilimpigia Bi. Hesketh kwa simu ya kazini. Nilijitambulisha, nikamwomba alipime gari kabla ya kupakia.

Akasema, "Bufton aliniambia utapiga. Alisema kuna mama mwenye kinyongo, analitaka gari hili kwa bei ya kutupa."

Nikamwambia ninalo tayari, na silitaki hata hilo langu.

Akasema, "Mama, nimetafuta gari tangu Krismasi. Binti zangu wana farasi wao wawili na mashindano hayawangoji. Tafadhali niache." Akakata. Nilipiga tena mara mbili, hakupokea.

Sikumkasirikia. Sauti yake niliijua. Ni yangu ya Jumamosi iliyopita.

Ndiyo sababu nimekuja leo, ili mtu anayesikilizwa ampigie kabla ya kesho saa nne. Niliyoyasema ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nimesomewa yote, na hakuna la kupunguza.

Sahihi: E. Hamer

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, Konstebo Gwenda Tudge, na kuyamaliza saa kumi na dakika ishirini. Karatasi ya mizani namba 0417 imepokelewa kama kielelezo. Saa kumi na nusu, shahidi akiwa bado kituoni, nilimpigia Bi. Hesketh. Alisema Bufton alimletea gari leo asubuhi badala ya kesho, na wakati huo alikuwa njiani na binti zake wawili na farasi wawili. Nilimtaka asimame. Alisimama. Wenzetu wa barabarani walilipima saa kumi na moja na robo: kilo 3,930. Farasi walishushwa salama kwenye shamba lililo jirani. Bufton anatafutwa kwa mahojiano.

Bi. Hesketh aliomba namba ya simu ya shahidi. Nilimuuliza shahidi kama anaruhusu. Alijibu: "Mpe. Ila mwambie asinipigie leo."