Sauti ya Clotilda Iliyo Ndani ya Kidhibiti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Padma Rajnikant. Umri: miaka 46. Dini: Hindu. Kazi: mwenye duka la vifaa vya shule na huduma ya intaneti. Makazi: Bukoba mjini. Nimezaliwa hapa hapa, na hata wakati wa vita hatukuhama. Andika hivyo, maana leo nimeshaulizwa pasipoti mara mbili.

Natunza tovuti ya kikundi cha akina mama wa Buganguzi, Muleba, wenye virusi vya ukimwi. Zimo picha zao na sauti walizowaachia watoto. Wengi wameshakufa. Tovuti yenyewe imekaa kwenye kompyuta iliyoko Ulaya. Mimi naihudumia kutoka dukani kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, hakuna picha wala cha kubofya. Mashine yangu ikiwashwa na kupata laini ya simu, inajifananisha na ile ya Ulaya: kilichoongezwa kule inakivuta, kilichofutwa kule nayo inakifuta. Niliipanga hivyo isijae takataka.

Mnamo tarehe 11 Oktoba 2005, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, aliingia Rutashobya, kaka wa marehemu Clotilda, mmoja wa akina mama hao. Namfahamu, ni mteja wangu. Alifunga mlango kwa komeo, akaweka dumu la lita tano juu ya kaunta, akafungua kifuniko. Ilikuwa petroli. Dukani nilikuwa peke yangu.

Akasema, "Mama Girish, mfute Clotilda. Sasa hivi."

Nikamwambia, "Baba, keti kwanza tuongee."

Akamwaga petroli sakafuni, mpaka kwenye maboksi ya madaftari. Akasema ndugu wa mchumba wa binti yake, walioko Ulaya, wamefungua tovuti wakaona picha ya dada yake na ugonjwa uliomuua, na posa imevunjwa. "Binti yangu hali, hanywi. Dada yangu nimzike mara ngapi?" Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja.

Sauti ya Clotilda niliirekodi mwenyewe mwaka 2001, pale pale dukani, akikohoa kila baada ya maneno machache. Alianza kwa Kihaya, "Mwana wange," yaani mwanangu, kikohozi kikamkatiza, nikadhani ameshindwa. Hakushindwa. Aliniachia sharti moja: mwanawe Kokuberwa asiisikie mpaka apate kipaimara, asije akaibeba akiwa mdogo mno. Kipaimara ni Jumapili hii. Nilishamwambia mtoto aje Jumatatu.

Rutashobya akatoa kibiriti mfukoni. Nikaandika amri ya kufuta. Nikakosea, nikaandika upya. Alisimama nyuma yangu, namsikia anavyohema. Kwenye skrini ile kufuta hakuna kelele, unabonyeza tu na mstari unarudi mtupu. Hakuamini, akataka nifungue ukurasa. Nikafungua, haupo.

Akauliza, "Na humu ndani ya mashine?"

Nikasema, "Hamna kitu." Nilidanganya, nakala ilikuwamo, maana mashine ilishajifananisha na Ulaya ilipowashwa asubuhi, kabla sijafuta. Ndiyo pekee, maana CD ya akiba ilikwaruzika na nyingine nilikuwa sijachoma. Mungu anisamehe, lakini hata leo ningedanganya tena.

Fundi cherehani wa barazani kwangu, Protase, alisikia harufu akapiga yowe, "Yee! Wanamchoma Mama Girish!" Watu wakavunja mlango. Rutashobya hakukimbia. Aliketi chini kwenye petroli yake mwenyewe, akalia kwa sauti. Askari walipofika walimchukua yeye, dumu, kibiriti na mashine yangu. Niliomba dakika tano ninakili faili moja. Nikaambiwa kidhibiti hakichezewi.

Sasa nasikia kesho inapelekwa kwa mtaalamu, aiwashe na kuiunganisha na simu aone kilichofutwa. Jamani! Afande, hili liandike kwa herufi kubwa. Akiiunganisha na simu kabla sijaizuia ile amri ya kujifananisha, mashine itaulizana na Ulaya, itaambiwa Clotilda hayupo, nayo itamfuta. Haitachukua hata dakika. Baada ya hapo hakuna nakala popote duniani. Dumu mnalo, kibiriti mnacho, mashahidi mnao. Sauti ile ni mali ya mtoto, haimfungi mtu.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu, na sina la kuongeza ila hilo la waya wa simu.

Sahihi ya shahidi: P. Rajnikant

Mimi Koplo Ildefons nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Alikubali kuwa ni sahihi ila alikataa kusaini mpaka twende stoo ya vidhibiti. Tulikwenda. Mashine haijawashwa. Nimebandika karatasi juu yake: ISIUNGANISHWE NA SIMU. Aliisoma, ndipo akasaini. Shahidi ameelekezwa kurudi Jumatatu saa tatu asubuhi pamoja na mtoto Kokuberwa, aizuie amri ya kujifananisha na kunakili faili mbele yangu, na mtoto asikilize; kwa mtaalamu mashine itapelekwa baada ya hapo. Kituo hakina spika. Nitaleta za nyumbani kwangu.