Trela Niliyoipakia Kama Ngamia

Garissa, Alhamisi. Joto limelala juu ya mabati tangu asubuhi, upepo hakuna. Leo sikuweza kuinuka bila kushikwa.

Daktari amesema muda wangu ni mfupi. Nimeomba nikafie Hadado, nilikozaliwa. Kwa kuwa siwezi tena kuketi garini, binti yangu Hodan amepata trela yenye kitanda.

Alitaka kuivuta kwa pikapu yake ndogo. Nilikataa. Nikamwambia atafute Landkruza, gari zito kuliko trela. Kifungio cha trela kifungwe kwenye chesisi, fremu ya chini ya gari, si kwenye bampa, na minyororo miwili ipite chini yake. Mzigo uzidi kidogo mbele ya ekseli, mhimili wa magurudumu, trela iegemee gari.

Akacheka. "Aabo, wewe mwalimu wa jiografia. Haya umejulia wapi?"

Nikasema nimesoma.

Sikusoma.

Wakati wa ukame mmoja nilikuwa mkuu wa shule, tukileta maji kwa trela iliyofungwa kwenye bampa ya pikapu. Nilisema bampa ingetosha. Yusuf, dereva wetu, alipanga mapipa mbele ya trela. Nikaona gari limelemewa nyuma, nikamwamuru ayasogeze hadi mkiani. Kwetu ngamia habebeshwi shingoni, nami, mtoto wa wafugaji, niliiona trela kama ngamia.

"Mwalimu, itacheza," alisema taratibu.

Nilimjibu kwamba nilipakia ngamia kabla hajazaliwa.

Ilicheza. Iliyumba, ikang'oa bampa, ikalipindua gari. Yusuf alikatwa mguu. Katika ripoti niliandika kwamba alikwenda kasi, na nikaandika vizuri, kwa lugha safi, kiasi kwamba hakuna aliyeuliza swali. Akafutwa kazi.

Baadaye alijifunza kuchomelea vyuma. Nilipokuwa bado naweza kwenda msikitini, kila Ijumaa alinisalimu yeye kwanza, akaulizia afya yangu. Hajawahi kuitaja ripoti. Heri angenitukana.

Jioni hii Hodan ameniambia amepata fundi wa kifungio, mzee wa mguu mmoja. Watu wote mjini wanasema hakuna anayejua trela kumshinda. Atakuja asubuhi.

Nimegeuza uso ukutani.

Atakaza nati ili mimi nifike salama. Siwezi kuvutwa hadi kaburini na kazi ya mikono yake huku uongo wangu ukiwa bado juu yake. Kabla hajagusa spana nitamwomba aketi, Hodan akisikia, niieleze safari ile upya, mapipa na yote.

Ee Mola, nibakizie pumzi ya asubuhi moja.