Mapigo Saba ya Bwana Ravenhill

Jumatatu, 4 Machi 1957
Miaka miwili ya kuigiza mtumishi, kubeba trei na kusema "Chai tayari, bibi" — leo nimepigana jukwaani! Katika mchezo mimi ni ndugu mdogo, na Bwana Ravenhill, nyota wetu, ananiua kwa upanga. Mapigo saba, kila moja lina namba na mahali pake. La saba naanguka. Walinishangilia kuliko yeye. Akanuna.

Baba hakuja. Fundi wa meli hatazami mwanawe aliyejipaka poda. Nilipoondoka nyumbani alinizaba kofi la kuniaga.

Jumanne, 5 Machi
Ujinga wangu! Nilipiga mluzi chumba cha kuvalia. Kwenye karakana ya meli ya Baba sote tulipiga mluzi. Huku ni kuita kifo. Ravenhill akaruka: "Toka, we mtoto wa misumari! Zunguka mara tatu, bisha, uombe kuingia!" Ndiyo dawa yake, kila mwigizaji anaijua. Nikazunguka. Nikabisha. Hakufungua.

Basi mkosi ukabaki kwangu, na yeye akapata kisingizio. Pigo la nne lilishukia vidoleni. "Usinilaumu mimi," akasema, "laumu mluzi wako."

Jumatano, 6 Machi
La tano — juu ya jicho. Damu mpaka kidevuni, na watu wakapiga makofi, wakidhani ni rangi! Wendawazimu! Nyuzi nne. Daktari anasema lingeshuka kidogo tu ningekuwa chongo.

Nimemshtakia Bi Garnett, mwongozaji. Hata hakuacha kuvuta sigara. "Clem, mpenzi, vijana wa kufa ninao kumi. Ravenhill ni mmoja. Vumilia mpaka Jumamosi, au niachie nafasi."

Nitavumilia. Nikiiacha hii, narudi kwenye trei.

Alhamisi, 7 Machi
Mbavu. Kwa kitako cha upanga. Namchukia, namchukia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepita nyumbani. Baba akatazama jicho.

"Nani?"

Nikamweleza.

"Na wewe ukamfanya nini?"

"Nikaanguka, Baba. Ndivyo ilivyoandikwa."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha ghafla. Nilijikinga uso. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 9 Machi
Onyesho la mwisho. Naandika nyuma ya pazia, nimeshavaa. Ravenhill amepita sasa hivi, kaninong'oneza: "Leo lile la pili, kijana." Akagusa jicho lake, la upande wa langu zima. Mbele ya Bi Garnett! Mama huyo akajifanya anatafuta kiberiti.

Nimemchunguza wiki nzima. Baada ya la sita huinua mkono juu kabisa ili watu wamwone vizuri. Kifua wazi. Anahesabu kwamba mimi nafuata maandishi. Leo la saba ni langu.

Kizibo kinachozuia ncha ya upanga wangu isichome nimekitoa.

Nimechungulia ukumbini. Baba! Safu ya mbele, na koti la kazini, kofia magotini. Hajawahi kukanyaga hapa maisha yake yote.

Wananiita. Nayarudia mapigo: La kwanza kichwa, la pili bega, la tatu —