Hodi Ndani ya Wavu

Jumatatu, 7 Julai

Misiba mitatu asubuhi. Mbuzi mmoja aliyepotea. Funguo zimeokotwa sokoni. Nimesoma yote bila kukwama. Hiyo ndiyo kazi yangu redioni, kusoma matangazo ya watu wa Kasongo, na watu wananiamini. Nikisema mtu amekufa, amekufa. Hakuna aliyewahi kunirudia kulalamika.

Baadaye mkurugenzi akaniita. Mtangazaji wa michezo ameenda Kindu kuoa na hajasema atarudi lini. Kuna usiku wa mapambano unakuja Jumamosi ya tarehe 19, ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka. Kasongo dhidi ya Kabambare. Niende, nitazame, kisha Jumatano yake nitoe tathmini hewani: nani alipigana vizuri, nani alitupotezea muda. Nikasema sijui ngumi hata moja. Akajibu, "Mama Zaina, enda tu. Weye ukisema kitu, watu wanaamini."

Jioni nikapita kwa muuza nyanya. Yeye ndiye aliyenipa hongera. Pambano kubwa la mwisho, upande wa Kasongo, ni Salumu. Salumu mume wangu. Nimelala naye kitanda kimoja juma zima, na habari nimezipata kwenye nyanya.

Jumatano, 9 Julai

Salumu yuko mazoezini. Mchana anabeba abiria kwa pikipiki, jioni anabeba gunia la mchele kuzunguka nyumba. Alicheza judo ujanani na anadhani ujana uko pale pale alipouacha. Tumbo linamtangulia kwenye kona. Leo amenionyesha namna ya kumwangusha mtu, na kiti changu kizuri kimevunjika mguu. Nimecheka mpaka nikataka kukaa, kiti hakuna.

Nimemwambia mkurugenzi kwamba siwezi kumtolea mume wangu tathmini. Amejibu kwamba nyumbani namtolea kila siku, tena bila malipo.

Mpinzani anaitwa Kalonda. Kijana wa Kabambare, anapasua mbao kwa msumeno wa mkono. Wanaomjua wanasema mabega yake hayaingii mlangoni ila kwa ubavu.

Naogopa. Simwambii.

Ijumaa, 11 Julai

Mwamuzi amefika kutoka Kindu. Mwalimu wa judo, mpole, viatu vinang'aa. Nimemweka hewani aeleze sheria. Hakuna kuuma, hakuna kuchokoa macho. Mtu akibanwa akaona hawezi tena, anampiga mwenzake kwa kiganja, pa pa, na pambano limekwisha. Yeye alisema kwa Kifaransa, taper, halafu akaningoja niiweke kwa Kiswahili.

Nikatafuta neno huku hewa ikipita kimya. Nikisema kupiga makofi, watadhani mtu anashangilia. Nikisema kugonga, watadhani ni ajali ya pikipiki. Nikasema: anapiga hodi. Anataka kutoka badala ya kuingia, lakini hodi ni hodi.

Mwamuzi akaongeza kwamba aliyembana mwenzake asiachie mpaka yeye mwamuzi amguse. Hilo nalo nimelisema, ila mbiombio, kwa sababu msiba ulikuwa unangoja kutangazwa.

Jumatatu, 14 Julai

Mji mzima unapiga hodi. Watoto wanakabana njiani, mmoja anapiga kiganja, wengine wote wanaitika "Karibu!" Mama wa maboga amenigusa begani pa pa na kunipunguzia bei. Nimevimba kichwa. Miaka yote hii nasoma maneno ya wengine, na leo Kasongo inasema langu.

Nyavu zimeletwa kutoka Nyangwe. Wenye mapambano hawana uzio wa chuma, basi wamekodi nyavu za wavuvi na kuzifunga kwenye miti kuzunguka jukwaa. Zinanuka samaki mpaka barabarani.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepika wali na sombe, yale majani ya muhogo anayoyapenda. Salumu amekula kidogo, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. Amenyoa ndevu. Amecheka mno. Nampenda mtu huyu na nitamuua asipoumizwa na mwingine.

Naenda. Nimevaa kitenge cha njano ili anione.

Jumapili, 20 Julai

Niandike kwa mpangilio, maana Jumatano nitayasema.

Walisema saa kumi. Wameanza giza likiingia, jenereta ikikohoa. Taa nne, moja ikiwaka kwa hiari yake. Karanga nzuri, viti vibaya. Paka wawili walizunguka nyavu kutoka mwanzo hadi mwisho kwa matumaini.

Pambano la kwanza: wauza nyama wawili, mmoja wa soko letu, mmoja wa Kabambare. Walikumbatiana muda mrefu hata mama aliyekaa nyuma yangu akauliza kama ni arusi. Mwishowe wa Kasongo akapiga hodi na uwanja mzima ukaitika "Karibu!" Mwenzake akamwachia hapo hapo, akimfuta vumbi. Mwamuzi alikuja kumgusa mtu ambaye tayari alikuwa anaaga. Kazi ya pambano hilo naipa alama ndogo, adabu yake kubwa.

La pili: mfyatua matofali wetu na mwanafunzi mwembamba wa Kabambare. Hili lilikuwa zuri. Mwanafunzi alikuwa na teke linalotoka chini bila taarifa. Mfyatua matofali akalidaka la tatu, akambeba, akamlaza taratibu utadhani ni tofali bichi. Nilijikuta nimesimama napiga kelele. Mimi, ninayefumba macho watu wakichinja kuku. Nimelipenda. Naandika hapa tu.

Kisha Salumu.

Kalonda ni kweli alivyosemwa. Aliingia, akamsalimu Salumu kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mkubwa. Salumu akaanza vizuri, akamtupa mara moja kwa judo yake ya zamani, tumbo na yote. Nikaanza kuamini. Halafu pumzi zikamwisha. Kalonda akamzunguka, akampitisha mkono shingoni, wakaanguka chini kabisa mbele ya meza yangu ya redio, wamegandamana na wavu.

Mwamuzi alikimbia kuja upande wetu. Kiatu chake kikaingia kwenye tundu la wavu, akavuta, wavu ukamfuata, akaanguka akafungika mzima. Watu walicheka hata jenereta haikusikika. Kila jicho lilikuwa kwake. Isipokuwa langu. Nilikuwa naogopa mno kucheka. Nilikuwa nautazama mkono wa Salumu.

Uliinuka, ukapiga paja la Kalonda. Pa pa.

Kalonda akaachia. Mara moja, kama mtu aliyelelewa vizuri. Akakaa nyuma, viganja wazi, akimngoja mwamuzi. Na mume wangu akavuta pumzi moja, akageuka, akampanda kifuani, akaanza kumpiga. Mwamuzi alipojinasua alimkuta Salumu juu, Kalonda chini. Akasimamisha. Akainua mkono wa Salumu.

Kalonda alimwambia mwamuzi kitu. Mwamuzi akatikisa kichwa, hakuona. Kalonda akaangalia watu, viganja bado wazi. Watu walikuwa wanacheza.

Zawadi ni mbuzi dume mweupe. Salumu amebebwa mabegani mpaka nyumbani, mbuzi naye amebebwa. Asubuhi hii mbuzi amekula majani yangu yote ya sombe. Nikamuuliza Salumu, polepole, akiwa anakunywa chai, kuhusu ule mkono. Akasema, "Ilikuwa jasho tu. Mukono iliteleza." Hakuniangalia. Aliiangalia chai.

Nina hasira. Na nina furaha kwamba shingo yake ni nzima. Vyote viwili, kifua kimoja.

Jumanne, 22 Julai

Majirani bado wanakuja kumpongeza. Nawapa maji. Kila mmoja ananiuliza nitasema nini kesho, kisha anajijibu mwenyewe: utatusifia bingwa wetu.

Mchana amekuja mfanyabiashara kutoka Kabambare kutangaza mzigo wake. Alikuwa anacheka tangu mlangoni. Anasema Kalonda amepata jina jipya kwao. Wanamwita Bwana Karibu. Alikuwa amemshika mtu, akamwachia bure. Kijana mwenyewe sasa anasema labda alihisi vibaya, labda hapakuwa na hodi. Akipita njiani watu wanapigapiga mapaja.

Nami nikacheka na yule mfanyabiashara kidogo, kwa mazoea. Kisha nikaona aibu. Hodi ni neno langu. Nimelitoa mimi, sheria ya kungoja mwamuzi nikaipitisha mbiombio, na limekwenda kumpiga mtu ambaye hakukosa kitu.

Nisipolisema kesho, hakuna atakayejua. Nikilisema, namvua mume wangu nguo mbele ya mji wote. Nimepika, chumvi nimetia mara mbili.

Jumatano, 23 Julai

Nimelisema.

Nilianza na karanga na viti, watu wacheke. Nikasifu teke la mwanafunzi. Nikafika kwa la mwisho. Nikasema hivi: aliyetangazwa mshindi anakula kwangu na kulala kwangu, kwa hiyo msitake maoni yangu, nawapa macho yangu. Mlikuwa mnamcheka mwamuzi. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa mume wangu kwa sababu ni wangu. Ulipiga hodi. Mara mbili. Kalonda aliachia kwa sababu alisikia hodi. Hakuhisi vibaya.

Kisha nikasoma msiba mmoja na mbuzi mmoja aliyepatikana, nikazima kipaza sauti. Mkurugenzi alikuja mezani kwangu. Alinimiminia chai yeye mwenyewe, na yeye hajui kumimina.

Salumu alikuwa kwenye kituo cha pikipiki na wenzake wote, redio katikati yao. Amerudi nyumbani mapema. Amekula. Amelala akigeukia ukuta.

Alhamisi, 24 Julai

Salumu amemkatia mbuzi majani, mimi hajaniangalia. Sokoni nusu ya watu wananisalimu kwa heshima na nusu wananigeuzia kisogo. Muuza nyanya amenipa zilizopondeka.

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, lakini ulimi wangu haukujikwaa. Ulikwenda pale pale nilipoutuma. Hilo ndilo linauma.

Pikipiki imeegeshwa mbele ya mlango. Nyuma yake, kwenye kipande cha mpira wa kuzuia matope, Salumu aliandika zamani kwa mkono wake: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Palikuwa na vumbi. Nimepaosha vizuri, herufi zisomeke.

Ijumaa, 25 Julai

Asubuhi, kabla sijamwaga maji ya kunawa. Salumu amekuja nyuma ya nyumba, amesimama mkono mfukoni, akiangalia herufi zilizooshwa. Amesema, "Mama Zaina, ulisema mara mbili. Ilikuwa mara tatu."

Nikamwambia ya tatu sikuiona. Akasema ilikuwa ndogo.

Tukaangaliana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, mimi nikafuata, na mbuzi akatushangaa. Kisha akasema aliposikia maneno yangu hewani alitaka kuuvunja ule mdomo wa redio, halafu wenzake wakamwuliza kama ni uongo, akashindwa kusema ni uongo. Amesema pumzi ile aliyovuta pale chini ilikuwa tamu sana, na kabla hajafikiri alikuwa juu. Nimemwamini. Amenitia uchungu na nimemwamini.

Akasema, "Vaa ya safari. Tunamupelekea mbuzi yake."

Jumamosi, 26 Julai, Kabambare

Kiuno si changu tena. Barabara ni mashimo yaliyounganishwa na mashimo madogo. Mbuzi alifungwa nyuma ndani ya gunia, kichwa nje, akanipumulia shingoni safari nzima. Kwenye daraja la magogo nilishuka nikavuka kwa miguu na mbuzi alilia kwamba naye anashuka. Tumelala njiani kwa shangazi yake Salumu, ambaye alikuwa amesikia yote redioni, akampa Salumu kipande kidogo cha nyama.

Tumefika kabla ya adhuhuri. Nyumba ya Kalonda ni ya matofali, vumbi la mbao limejaa uani. Mlango ulikuwa umerudishwa. Salumu alimshusha mbuzi, akajifuta uso, akasimama. Mtu aliyepanda jukwaani mbele ya Kasongo yote akicheka, sasa alikuwa anafunga kifungo cha shati kilichofungwa tayari. Nikamshika mgongoni.

Akapiga mlango kwa kiganja. Mara tatu, ya tatu ndogo. Ni kweli, ilikuwa ndogo. "Hodi," akasema.

Nilifikiri juu ya lile neno ambalo Kalonda angelazimika kulijibu, na jinsi walivyomwonea kwalo. Sauti ikatoka, nzito. "Ni nani?"

"Ni miye. Ule mutu alipigaka hodi."

Mlango ukafunguka. Kalonda alisimama pale akiujaza, mikono ina vumbi la mbao. Akamwangalia Salumu. Akamwangalia mbuzi. Majirani wawili wenye kumcheka walikuwa wamesimama kwenye ua wao, na wamesikia. Mama yake akachungulia chini ya mkono wake, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, mbona umewasimamisha watu juani.

Kalonda hakucheka. Alisogea kwa ubavu, ili nasi tupate nafasi.

"Karibu," akasema.

Tukaingia.