Mafuta ya Mama Avezoete

Jumatatu, 3 Novemba 1393
Mama kakataa mpako wa wagonjwa. Nilishapiga magoti kando ya kitanda, stola shingoni, kichupa cha mafuta mkononi. Akageukia ukutani. Kasema hapakwi na padri wa Avinyo, hata kama padri huyo ni mimi, mwanawe wa kumzaa.
Nimerudi kanisani. Nimezima mishumaa. Moyoni sikusikia kitu.

Jumanne, 4 Novemba
Dada yangu Kateline kaniuliza tena kile kiapo changu kilikuwa cha nini. Nimemjibu: mtawala aliamuru mapadri wote wamfuate Papa wa Avinyo, asiyetaka aondoke. Mimi niliapa. Padri mwenzangu Zegeri alikataa, akabaki na Papa wa Roma. Basi.
Mapapa wawili — nami sijamwona hata mmoja.
Mama anapumua kwa shida. Supu haipiti.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemfuata Zegeri kwenye ghala la sufu anakojificha. Kakonda. Tulipewa upadri siku moja, yeye na mimi. Hakunilaumu. Akavaa joho la mchuuzi wa samaki, tukaja.
Mlangoni akaninong'oneza: mafuta yamemwishia. Askofu wa kumpa mengine hana.
Nikampa kichupa changu. Akakitazama kitambo. Akakichukua.
Nilisimama nje kwenye matope. Dirishani nikamsikia Mama:
"Haya ni ya Roma, baba?"
Zegeri: "Ni mafuta matakatifu, mama."
Akapakwa. Kateline anasema Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa natazama bata mferejini.

Jumapili, 9 Novemba
Mama kaketi! Kala supu ya njegere, kaomba na mkate. Majirani wamejaa kwake. Anawaambia, "Hayo ndiyo mafuta. Ya mwanangu ni ya kukaangia samaki."
Wakacheka. Nami nikacheka — uso ulicheka.
Misani kwangu alikuja bibi mmoja kiziwi. Na mbwa wake.

Jumatano, 12 Novemba
Wagonjwa wanamwita Zegeri kila pembe. Asubuhi nimemjazia kichupa kingine.
Mchana askari wa mtawala kafika kwa Mama. Kasikia kuna padri wa Roma anapakapaka watu humu. Akimpata, ni kitanzi. Nikamwambia askari kwamba Mama amelala. Akasema atangoja. Kateline kampa bia.
Naandika chumba cha pili. Nimefikiri. Nikisema aliyempaka Mama ni mimi, mafuta ni yangu — kichupa kina alama ya askofu wetu — Zegeri atapona. Lakini Mama atasikia. Moyo wake hautastahimili, na mpako mwingine hataupokea kwa mtu.
Nikinyamaza, Mama mwenyewe atasema kapakwa na padri wa Roma. Kwa majivuno.
Mikono haitetemeki. Ningependa itetemeke.
Kitanda kimelia. Kaamka. Namsikia akimkaribisha askari: keti baba, sogea karibu, mimi sisikii vizuri. Sasa anaita jina langu, nije nami nisikie habari za mafuta ya Roma. Naweka kalamu chini.