Biira wa Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanika muhogo. Mgongo unauma. Masika, mujukuu wangu, amerudi kutoka Kasese bila kitambulisho. Wa ofisi wanasema ati ni Mukongomani, kwa kuwa tuko mpakani. Mutoto nimempokea hapa Bwera kwa mikono yangu! Wanataka karatasi ya kuzaliwa. Bila kitambulisho, chuo cha wakunga hakimchukui. Mama yake, Biira wangu, alikufa akimzaa. Karatasi iko ndani ya faili yake, kliniki.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki wanataka kuchoma faili za zamani. Orodha iko ukutani. Karani anasema hazichomwi ovyo. Yeye anaandika orodha, daktari anatia sahihi, afisa wa Kasese anapiga muhuri. Mwenye neno aseme kabla ya muhuri.
Neno ninalo. Nikasoma kwa kidole. Biira, Bwera. Nikamwambia hii isichomwe.
"Mukaka, bibi yangu, una hakika?"
"Nilimzaa mimi. Wewe ulikuwa wapi?"
Akacheka, akaweka alama. Faili zimeshafungwa kwa magunia. Yangu atanipa siku ya kuchoma. Nimerudi kwa miguu, kichwa juu.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari ametia sahihi. Nilikaa mlangoni kwake tangu asubuhi mpaka nikaiona kalamu ikitembea. Ananiita afande. Aite tu.

Ijumaa, 14 Machi
Muhuri umefika. Wanachoma kesho. Masika amepiga pasi gauni.

Jumamosi, 15 Machi
Si yeye.
Nilifika moshi umeshapanda. Karani akanipa faili. Biira, ndiyo. Lakini huyu alizaa mapacha, na mume wake ni wa Kisinga. Orodha ilikuwa na karatasi mbili, moja juu ya nyingine. Wangu alikuwa kwa ile ya chini. Sikuifunua. Huku kwetu kila nyumba mutoto wa kike wa pili ni Biira. Mimi mwenyewe nimempa jina hilo, na bado nikaona moja nikajivuna.
Mujinga mimi. Karani hakunitukana. Heri angenitukana. Nimechungulia shimo. Majivu. Sahihi ziko, muhuri uko. Kila mutu alifanya kazi yake, isipokuwa mimi.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Nimemwambia Masika. Hakulia. Amekunja gauni.
Jioni ameuliza kama mama yake alimwona kabla ya kufa. Nimesema alimwona, tena alimtabasamia.
Hakumwona. Hakuna karatasi tena ya kunibishia.