Kipande cha Mteremkoni

Jumatatu, 4 Machi

Bingwa kanitupia mezani kamera anayoifunga kwenye baiskeli yake, huyoo bafuni. Mume wangu huyo. Jina nimempa kimoyomoyo, hajui. Nihamishe video za mashindano yao ya baiskeli, nikatekate, niweke muziki, Jumapili ndugu waje kutazama. Eti si napenda mambo ya kompyuta? Napenda! Kama ninavyopenda kufua soksi zake. Kompyuta yenyewe mgonjwa, faili moja nusu saa.

Akaongeza: pale alipoanguka mdogo wangu mimi hapamo kwenye video, betri ya kamera iliisha. Haya.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa mama. Mdogo wangu bado ana plasta mguu mzima. Klabu imemtoa kwenye timu, kwa kuwa alimkatia njia mwenzake mteremkoni. Mwenzake ni Bingwa, na maelezo kayatoa Bingwa. Mdogo wangu hakumbuki kitu baada ya kufika kileleni. Anasema kama shemeji kasema, basi ndivyo. Mama alikuwa anamkuna ndani ya plasta kwa sindano ya kufumia.

Alhamisi, 7 Machi

Betri haikuisha.

Kamera hii hukata video ndefu vipande. Ukivipanga kwa majina, vya mazoezi na vya mashindano vinachanganyikana. Lazima uvipange kwa saa. Mimi najua kwa sababu kila mara kazi ni yangu. Yeye hajawahi kujisumbua. Kabla ya kunipa kamera, kaifungua kwenye kompyuta, kafuta kipande cha mwisho kwa majina — kumbe cha mazoezi! Cha mteremkoni kipo.

Mdogo wangu yuko mbele, kashika upande wake. Mkono wa Bingwa unaingia kwenye picha, unamsukuma begani. Kishindo. Baiskeli ya Bingwa haipunguzi mwendo hata kidogo! Inasikika pumzi yake tu, mpaka mwisho.

Nikapika. Nikampakulia. Akala, akasifu mchuzi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwonyesha. Nilitaka aseme chochote — kateleza, shetani kampitia, chochote! Kasema, "Mbona hiyo niliifuta?"

Halafu kaniambia nisivunje nyumba kwa ajili ya sekunde chache. Mguu utapona. Namchukia leo, naandika wazi. Nimetengeneza video mbili, kila moja kwenye flashi yake: moja ina kile kipande, nyingine haina.

Jumapili, 10 Machi

Wamejaa sebuleni. Mimi chumbani, nimesema kompyuta inamalizia. Uongo, ilishamaliza.

Magongo yanagonga sakafu. Mdogo wangu kasimama. Anasema kabla hawajatazama, anataka kumwomba shemeji yake radhi mbele ya wote, kwa kumkatia njia. Alikuwa na pupa. Mtoto wa mama yangu! Mama anamwambia amefanya la maana.

Bingwa anamjibu, tena kwa upole, "Yameisha, shemeji. Kaa, usiumie."

Wanapiga makofi.

Sasa wananiita nilete flashi. Ninazo mbili mkononi.